Bunduki Fupi na Kofia ya Ngowa

Bunduki zilikuwa nne, zimelazwa juu ya meza ndefu iliyotandikwa gunia, na Kambi Kenga akaambiwa achague moja. Aliyemwambia ni Dedan, mwanajeshi mstaafu kutoka bara, aliyewekwa na wenye mahoteli ya Malindi kutunza silaha za kazi moja tu, nayo ni kupunguza kunguru. Kunguru hawa wa shingo ya kijivu mnawajua. Wanamwibia mgeni mkate mezani, wanadonoa vifaranga macho, wanakula mayai ya kila ndege aliyeumbwa na Mungu, na watu wamechoka nao. Kambi alikuwa na barua ya kazi, alikuwa na kibali cha polisi, alikuwa amemaliza mafunzo ya wiki mbili. Kilichobaki kilikuwa bunduki.

Lakini msidhani alifuata mshahara pale. Kambi alifuata kisasi, na ninasema mapema ili mtu asije akamhurumia mahali pasipostahili.

Baba yake, Mzee Kenga, alikuwa mkausha samaki huko kwao upande wa Magarini. Kila asubuhi, miaka nenda miaka rudi, alikaa bandani akipasua samaki, na matumbo akiwatupia kunguru. Kunguru wakazoea. Kulipopambazuka tu walikuwa wamejaa juu ya paa lake wakimngojea, na hakuna mtu aliyejali, maana nani asiyejua kwamba kunguru hufuata chakula? Kisha ndugu wa Ngowa akafa kwa homa ya siku tatu, kijana mzima wa afya. Ngowa huyu ni mtoto wa ndugu yake Mzee Kenga, kwa Kambi ni kaka, na ana kibanda cha nyama pale sokoni. Siku ya matanga, watu wamejaa uani, Ngowa alisimama akauliza swali moja. "Kunguru wanaamkia kwa nani? Niambieni. Wanaamkia kwa nani?"

Hakutaja jina wala hakuhitaji. Mzee alikuwa na mvi, alikuwa na macho mekundu ya moshi wa samaki, na alikuwa na ekari sita za shamba ambazo Ngowa alikuwa akizimezea mate tangu ndevu zake hazijaota. Juma lile lile vijana wakaja na mapanga, mchana kweupe. Mkwewe mzee, Mbeyu, mke wa Kambi, ndiye aliyemwokoa. Alimfunika leso mbili gubigubi, akampakia kwenye bodaboda, akawaambia wale vijana ni shangazi yake anapelekwa hospitali. Sasa mzee alikuwa na miezi minane katika makao ya wazee waliosingiziwa uchawi, huko ndani mbali na bahari, analala kitanda cha karibu na mlango na kula ugali wa kupimiwa. Kambi alipokwenda kumwona, mzee alimuuliza habari za samaki na za kila mtu, hata za Ngowa, na Kambi alirudi njia nzima ameuma meno.

Kumkata Ngowa panga hakuweza. Angefanya hivyo, wangesema mtoto wa mchawi kamalizia kazi ya baba yake. Basi akaona heri aanze na kunguru. Wao ndio waliotumiwa kuwa mashahidi, wao ndio atakaowatoa roho, mmoja mmoja, mpaka roho yake mwenyewe ipoe.

"Anza na hii," Dedan akasema, akamkabidhi ya kwanza. Ilikuwa ya baruti, ya risasi zile ndogo kabisa, na ilikaa mkononi vizuri. Kambi alikuwa hajaifikisha begani Dedan akaichukua tena, akamweleza kwamba risasi yake huruka kilomita nzima na zaidi, na kwamba akimkosa kunguru jaani anaweza kumpata mama wa watu anafua nguo kijiji cha tatu. Hiyo ilikuwa ya mashambani kwenye nafasi, si ya kazi hii. Ya pili ilikuwa ya upepo, ndefu, ina darubini juu yake, inapiga chembe ndogo ya risasi kwa hatua hamsini bila kubahatisha. Ya tatu nayo ilikuwa ya upepo, kimya kama paka, lakini ilitaka kujazwa hewa kwa mtungi, na mtungi wenyewe ulikuwa mmoja, nao haukutoka Malindi. Ya nne ilikuwa fupi, ya kukunja mtutu ili kuitia nguvu, haikufika kilo tatu, kitako kimechubuka, haina darubini, ina kijiti cha shabaha mbele na mwanya nyuma, basi.

Dedan alimshauri achukue ya pili. Nzito kidogo, lakini mtu wa kunguru hasimami nayo, huiegemeza juu ya jiwe akajificha. Hapo ndipo alipomsimulia habari za Gachanja, mtu aliyefanya kazi hii kabla yake. Gachanja alikuwa hodari na alikuwa na kiburi, hakujificha, alisimama wazi akipiga. Miezi miwili tu kunguru walimjua. Walimfuata stendi, walimfuata kanisani, walimdonoa kichwa akiwa amempakata mtoto wake wa miezi sita. Alihama mtaa wakampata. Mwisho alipanda basi akarudi kwao Nyeri, na mpaka leo akisikia kunguru huangalia juu.

"Ndege huyu hasahau," Dedan alisema. "Akikuona unamuua mwenzake, atakuchukia yeye, na atawafundisha watoto wake wakuchukie."

Kambi alikuwa ameshika ile bunduki ndefu, jicho kwenye darubini. Akaiteremsha polepole. Moyo ulimpiga lile pigo la mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani na bado hajaangalia kama yupo anayemwona. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haraka, kwamba je, wanachokariri ni uso au ni nguo.

Dedan akafikiri. Alisema wanaanza na kichwa, maana wao wako juu na kichwa ndicho wanachokiona. Uso wakiuona wataukariri. Lakini mtu akificha uso, akavaa kofia moja ya ajabu kila siku, watakariri kofia, na yeyote atakayeivaa watamhesabu ni yeye.

Loo! Mtu akitafuta kisasi miezi minane, akapewa kwa maneno mawili, bure, na mtu asiyejua anatoa nini! Kambi aliinua tena ile bunduki ndefu, akakunja kiganja juu ya kipaji cha uso mfano wa ukingo wa kofia, akajaribu kulenga. Kiganja kiligonga darubini. Akaiweka chini. Akachukua ile fupi, akasimama wima, mkono juu ya kipaji vilevile, na safari hii kijiti cha mbele alikiona vizuri chini ya kidole chake kidogo. Ilikuwa nyepesi. Angeweza kusimama nayo saa nzima bila mkono kutetemeka.

"Hii," akasema.

"Hiyo itakutaka usogee, Kambi. Hatua ishirini. Watakuona."

"Nataka wanione."

Dedan alimtazama, akaona labda ni ushujaa, labda ni upumbavu, na kwa kuwa jeshini alikuwa ameviona vyote viwili, akaandika jina lake kitabuni akampa makopo matatu ya chembe.

Kofia yenyewe sasa. Ngowa alikuwa na kofia moja ya ukindu ambayo soko zima liliijua, pana kama ungo, imesukwa kwa mistari ya rangi nyekundu na zambarau, ukingo wake wa mbele umeinama mpaka puani. Alisukiwa na Kadii wa Marafa, mwanamke ambaye mikono yake ilisifiwa mpaka Kilifi, na Ngowa alimlipa vizuri ili asimsukie mtu mwingine kama ile. Zamani, kabla ya mambo kuharibika, Mzee Kenga alikuwa akimtania kila wakikutana. "Ngowa, siku ukifa, ng'ombe wako wagawane watoto, lakini kofia hiyo ni yangu." Na Ngowa alikuwa akicheka, akiivua, akimvisha mzee kidogo kisha akimnyang'anya. Kambi aliyaona hayo kwa macho yake mara nyingi sana. Yakumbukeni, maana yeye hakuyakumbuka.

Alikwenda Marafa akamdanganya Kadii kwamba kofia ya kaka yake imetafunwa na mbuzi, na familia inataka kumpa nyingine kwa ghafla, afurahi. Kadii alifurahi kuliko yeye. Alisuka kwa siku tisa, hakukosea mstari hata mmoja.

Jaa la soko liko mbali kidogo na nyumba, nyuma ya mikorosho, na kunguru wa eneo lile lote hulishukia asubuhi kabla ya kutawanyika. Kambi alifika kila siku kulipoanza tu kupambazuka, kofia ndani ya gunia, bunduki begani. Wazoa taka huja saa mbili, kwa hiyo alikuwa na saa mbili zake mwenyewe. Alivaa kofia, akaishusha mpaka uso ukapotea, akatoka kwenye mikorosho akasimama katikati ya taka, wima, mchana wa Mungu unaingia. Alikunja mtutu, akatia chembe, akapiga. Siku ya kwanza aliangusha wanne.

Hakuacha hapo. Aliwaokota, akamshika mmoja bawa akamwinua juu, akamzungusha taratibu ili wale waliobaki mitini waone vizuri nani kamuua nani. Wakapiga kelele mpaka masikio yakamziba. "Tazameni," akawaambia. "Tazameni kofia. Muikariri vizuri." Na tumboni alihisi raha, raha ya kweli, ya mtu aliyekula baada ya mfungo mrefu. Ile miezi minane ya kuinamisha kichwa sokoni, ya watoto kukimbia wakimwona, ya mkewe kuchotea maji kisima cha mbali, yote aliipiga chembe.

Juma la tatu alifanya jaribio. Alipita jaani bila kofia, mikono mfukoni, na kunguru hawakumjali, waliendelea kupekua. Akarudi mikoroshoni, akavaa kofia, akatoka mikono mitupu. Waliinuka wote kwa pamoja, weusi juu yake, wakamteremkia mpaka ikambidi akimbie. Alipofika chini ya mikorosho alianguka chini akacheka peke yake.

Ngowa alianza kulipa siku ya Jumanne. Alitoka kibandani kwake kwenda kunywa chai, kofia kichwani, hatua kumi hazijatimia kunguru wawili wakamgonga utosi. Aliwapunga. Wakaja sita. Watu walicheka kwanza, kwa sababu mtu mnene akikimbia huchekesha. Jumatano walikuwa ishirini na hakuna aliyecheka. Alhamisi walikuwa wamekaa juu ya bati la kibanda chake wamejipanga, wakimngojea atoke, na damu ilimtoka sikioni. Kuivua kofia hakuivua kwa kuwa ndiyo iliyomkinga midomo yao. Jamani, kila alipojikinga ndipo alipojiitia.

Ijumaa Kambi akaenda kununua nyama. Hakuwa na haja ya nyama, alikuwa na haja ya kuona.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Ngowa alikuwa na plasta sikioni na macho ya mtu asiyelala. Aliitikia, akakata nusu kilo, akaongeza kipande ambacho hakuombwa. Miezi yote ile alikuwa hamsemeshi Kambi, na leo alitaka kuzungumza. Aliuliza mzee anaendeleaje. Kabla Kambi hajajibu, mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja maini akaangalia juu batini, akasema, si kwa sauti kubwa, "Siku hizi wanaamkia hapa."

Ngowa aliangusha kisu. Kambi alilipa, akachukua nyama yake, akaenda nyumbani akila maneno yale njia nzima kama pipi.

Mbeyu alikuwa ameiona kofia ndani ya gunia. Hakuuliza ni ya nini, maana si mjinga, habari za sokoni alikuwa amezisikia, na moja na moja alijua kujumlisha. Alimngoja mumewe ale ashibe, kisha akamkumbusha kwamba wale vijana waliomjia baba na mapanga hawakuhama, wapo, na mapanga yao yapo. "Wakimuua je, Kambi?"

"Nisiulizwe mimi. Aulizwe aliyewaonyesha njia."

Mbeyu alikusanya sahani, akatoka. Usiku ule alilala ameupa uso ukuta, na Kambi alilala usingizi mzuri.

Juma lililofuata kulikuwa na maziko ya bibi mmoja, na Ngowa, kwa kuwa ni jamaa, hakuweza kukosa. Kunguru walimpata kaburini, kofia kichwani kwa hofu ya kuivua. Watu walikuwa wameinama, padri anaomba, na juu ya kichwa cha mtu mmoja tu, kati ya watu mia mbili, kunguru wanashuka na kupanda. Waliosimama karibu naye walijitenga, kwanza hatua moja, kisha tatu, mpaka akabaki peke yake amezungukwa na udongo mtupu. Kambi alikuwa upande wa pili wa kaburi. Aliwaona wale vijana wakinong'onezana. Aliijua ile minong'ono, ilikuwa ile ile. Aliinua mguu aende kuwanyamazisha, ninakiri, lakini alipomkumbuka baba yake ndani ya leso mbili, akaurudisha.

Asubuhi yake Ngowa alikuta mlango wake umepakwa makaa, alama ya nyumba ya mchawi. Hakungoja jioni. Alikimbilia kwa chifu, akaita wazee, akapiga magoti barazani mbele ya watu akatapika yote. Kwamba Mzee Kenga hakuroga mtu. Kwamba ndugu yake alikufa kwa homa na daktari alisema ni homa. Kwamba yeye Ngowa alitaka shamba. Kwamba kunguru hawa ni adhabu, ni machozi ya mzee yamemrudia, na anaomba apelekwe kwa baba yake mkubwa akamwangukie, ampulizie maji amwondolee laana. Alilia kamasi zikatoka. Wazee wakakata shauri mzee arudishwe kwake kwa heshima, Ngowa mwenyewe aende kumchukua, na amlipe chochote atakachodai.

Kambi alisikiliza amesimama nyuma kabisa. Alikuwa amepata zaidi ya alichokitaka. Alitaka Ngowa aumie, na kumbe jina la baba limesafishwa, kwa kinywa kile kile kilicholichafua. Alirudi nyumbani akaichoma ile kofia yake nyuma ya choo mpaka ikawa majivu. Kesho yake alirudisha bunduki Malindi. Dedan alishangaa, akasema mbona mapema, bado kunguru wamejaa. Kambi akamwambia yeye amemaliza.

Mzee aliletwa siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi. Uani palifagiliwa, Mbeyu alipika wali wa nazi na kuku watatu, na watu walikuja wengi, wengine wale wale waliokuwa hawampi Kambi salamu. Wazee wa baraza walikaa mbele. Vijana walisimama kando ya ua, hawana mapanga leo, wanaona haya. Kambi alivaa shati jipya.

Gari lilisimama chini ya minazi. Alitangulia kushuka Ngowa, kichwa wazi, plasta inang'aa, na Kambi alipoona kichwa kile bila kofia alifurahi, akadhani ameivua kwa unyenyekevu. Kisha akashuka Mzee Kenga, amekonda, ameshika fimbo, anacheka mpaka ufizi. Na kichwani, pana kama ungo, nyekundu na zambarau, ilikuwa kofia ya Ngowa.

"Wameniambia nidai mbuzi," mzee alikuwa akiwaambia watu kabla hata hajasalimu. "Mbuzi wa nini nami meno sina? Nikamwambia Ngowa, wewe nivulie hiyo kofia, tumemalizana."

Watu walicheka na kupiga vigelegele. Kambi hakuweza kuinua mguu. Kunguru mmoja alikuwa juu ya mnazi. Aliinamisha kichwa, akatazama kwa jicho moja, akageuka akatazama kwa jingine. Akaita.

Walikuja kutoka upande wa soko, na hawakuwa ishirini. Walimshukia mzee wote, na mzee, ambaye maisha yake yote kunguru walimjia kwa chakula, aliinua mkono kuwasalimu. Wa kwanza alimpasua kiganja. Fimbo ikaanguka. Vigelegele vikakatika. Mzee aliishika kofia kwa mikono miwili akaivuta chini, ajikinge, akazunguka pale pale akiita, si jina la Mungu, ni jina la Kambi.

Hakuna aliyekwenda. Watu walijitenga, hatua moja, kisha tatu. Na Ngowa, ambaye juzi alilia kamasi barazani, alisimama akitazama angani, akaangalia bega lake la kulia, la kushoto, akaona hakuna hata kunguru mmoja wake. Mlijua atasema nini. "Mnaona?" akasema. "Mnaona wenyewe? Alikuwa amenitupia mimi." Kijana mmoja kando ya ua aliinama akaokota jiwe. Wa pili naye akainama.

Hapo Kambi akakimbia. Alimfikia baba yake, akamnyang'anya kofia kwa nguvu mpaka mzee akayumba, akamsukumia mikononi mwa Mbeyu, akaivaa mwenyewe, akatoka mbio mpaka katikati ya uwanja mtupu, akasimama wima vile vile alivyokuwa akisimama jaani. Kunguru walimwacha mzee wote kwa pamoja. Walimjia yeye. Hakuwapunga.

"Ni mimi," akasema, na damu inamtiririka shavuni. "Hawa ni wangu. Mzee hana kosa. Ni mimi niliyewafunza."

Alijaribu kueleza. Alisema habari za bunduki, za jaa, za Kadii na kofia ya pili, na Dedan na yule Gachanja wa Nyeri, yote aliyasema, chini ya mbawa, na yote yalikuwa kweli. Lakini mawe yalikuwa mikononi na watu walikuwa wamekwisha sikia walilolitaka. Mzee mmoja wa baraza alimuuliza swali moja tu, kwa upole, kwamba je, ni kweli ndege hawa wanamfuata wanayeonyeshwa na yeye. Kambi akasema ni kweli.

Chifu alimtoa Kambi pale uwanjani kwa gari lile lile lililomleta mzee, kabla mawe hayajarushwa. Baadaye Dedan alikuja mpaka barazani, kwa nauli yake, akaeleza tabia za kunguru kutoka mwanzo hadi mwisho. Walimsikiliza kwa adabu, wakampa soda, wakamshukuru. Chifu alielewa, na Mbeyu alielewa. Wawili hao hawakutosha kumfanya mtu alale salama kwake.

Kambi ni mtu wa miaka arobaini na moja, hana mvi hata moja, na katika makao yale ya waliosingiziwa uchawi, alikopelekwa, ndiye mdogo kuliko wote. Walimpa kitanda cha karibu na mlango kwa sababu ndicho kilichokuwa wazi. Mto bado ulikuwa unanuka tumbaku ya baba yake. Kwa kunguru, Mungu ni mwema, huko ndani hawafiki.

Mzee Kenga yuko kwake, anakausha samaki. Hakuna anayemgusa, na ekari zake ni sita vile vile, na Ngowa humwamkia shikamoo kila asubuhi akipita. Mkono una kovu. Kila mwezi mara moja hupanda gari mbili mpaka kwa mwanawe, na samaki wanne wamefungwa gazetini, hukaa ukingoni mwa kile kitanda alichokilalia yeye mwenyewe, wakazungumza habari za bei na za mvua. Mara tatu alikuja bila kugusa jambo lile. Mara ya nne alikuwa amekwisha inuka, fimbo mkononi, aliposimama mlangoni.

"Ile bunduki," akasema. "Walikupa tu, au ulichagua mwenyewe?"

"Zilikuwa nne, baba. Nilichagua mwenyewe."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akamwambia samaki wale awale leo, wasije wakaharibika, akatoka kwenda kuwahi gari.